Kishungi na Yai Lililokataa Kutoka

"Hadithi inabisha hodi!"

"Karibu, ikae!"

"Imekuja na manyoya!"

"Basi iruke tuione!"

Hapo kale, wanyama na watu walipokuwa wakisemezana, alikuwako kuku aitwaye Kishungi. Alikaa kwa Bi Nyamizi pamoja na kuku wenzake na mbwa aitwaye Koba.

Asubuhi moja Bi Nyamizi akasema huku akifagia uwanja, "Mama mkwe anakuja leo. Kuku asiyetaga namtia chunguni."

Kishungi akasikia, akashtuka. Yai lilikuwa limemkwama! Akaingia kiotani, akasukuma. Wapi! Akakaa, akainuka. Akaingia, akatoka.

"Nikinyamaza nimekwisha," akawaza. Basi akatetea kwa nguvu, kama kuku aliyetaga. "Kokoko, kokokoo! Nimetaga!"

Bi Nyamizi akaja mbio. Kiota kitupu. Akamgeukia mbwa. "Koba, umekula yai?"

"Mimi? Hata harufu sijaipata!"

Akafukuzwa kwa ufagio.

Adhuhuri Kishungi akasukuma tena. Yai halikutoka, ila nyama nyekundu ikachungulia nje. Akakaa, akainuka. Akatetea tena. "Kokoko, kokokoo! Nimetaga!"

Kiota kitupu. Koba akanyimwa ukoko wake.

Alasiri Kishungi akatetea mara ya tatu, sauti imekauka. Koba akafungwa kamba mtini.

Kuku wenzake nao wakaona ule wekundu. "Shoga, huko nyuma umevaa nini?" wakacheka. Mmoja akadonoa. Mwingine akadonoa. Damu ikatoka, Kishungi akakimbilia kwa Koba.

Koba akawabwekea wale kuku, wakatawanyika. Kisha akasema, "Dada, kelele zote hizo, yai liko wapi?"

"Limekwama, kaka. Nikisema nitachinjwa."

"Na usiposema?"

Kishungi akaitazama kamba ya Koba. Maumivu yakamkamata. Akajikokota hadi jikoni kwa Bi Nyamizi, mabawa yakiburuta chini.

"Mama, sikutaga. Yai limenikwama. Koba hakula kitu."

"Ee, masikini! Mbona hukusema?"

Bi Nyamizi akatia maji ya uvuguvugu katika karai, akamkalisha humo mpaka tumboni. Akampaka mafuta ya alizeti. Akampapasa tumbo polepole, bila kuminya, yai lisije likapasukia ndani.

"Tulia, mwanangu. Tulia."

Yai likatoka! Bi Nyamizi akaiosha ile nyama kwa maji ya chumvi kidogo, akairudisha ndani taratibu kwa kidole chenye mafuta. Akamweka Kishungi peke yake chini ya tenga, wenzake wasimdonoe. Akampa pumba zenye maganda ya mayai yaliyosagwa. Kisha akaenda kumfungua Koba. "Nisamehe, baba. Nilikuonea."

Jioni mama mkwe akafika. Akachungulia tengani. "Mkwe wangu, huyu ndiye kitoweo?"

Kishungi akaacha kupumua.

"Hapana, mama. Huyo mgonjwa wangu. Leo tunakula maharage."

Jamani mnaosikiliza, ukiumwa, hata kama ni mahali pa aibu, mwambie mapema anayeweza kukusaidia. Wala usiache mwingine aadhibiwe kwa ajili ya siri yako.

"Hadithi imeingia bandani!"

"Tumefunga mlango!"