Bagia ya Fundi

Ndugu zangu, kabla sijasema neno lolote la maana, nijibuni swali moja. Nani hapa hapendi bagia? Anyooshe mkono. Naona hakuna. Afadhali, maana mfano wangu wa leo unanukia bagia, na najua wengine mmekuja bila kunywa chai.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kupaua nyumba. Mtaa mzima aliupaua yeye. Alikuwa akitembea juu ya mbao nyembamba, nyundo kiunoni, misumari mdomoni, hashiki kitu, na waliokuwa chini walifumba macho kwa hofu. Kila jioni akishuka, alikwenda kwa mama mmoja muuza bagia pale mwisho wa mtaa. Bagia za kunde, za moto, na chatne ya nazi. Alikula amesimama, anahadithia kazi yake ya siku hiyo, na mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Siku moja kiharusi kikamwangusha. Upande wote wa kulia ukalala. Mtu aliyekuwa akitembea juu ya mapaa, sasa hata kufika mlangoni mwake ni mpaka abebwe. Mkewe akawa anamletea bagia kwenye kibakuli, akidhani atafurahi. Fundi akakisukuma kile kibakuli.

"Sili," akasema. "Nitakula siku nitakayozifuata kwa miguu yangu mwenyewe. Na mtu asiniguse! Wala sitaki kutazamwa."

Mnamjua mtu wa namna hii? Kina mama, msiwatazame waume zenu, nitazameni mimi.

Basi akaanza mazoezi. Anashika ukuta, anaanguka, anainuka kwa hasira, anamfukuza kila anayemnyooshea mkono. Miezi ikapita. Mguu ule uliolala ukaanza kusikia, kidogo kidogo. Hatimaye asubuhi moja akamwambia mkewe, "Leo jioni nakwenda kula bagia. Wewe utabaki ndani."

Jioni ikafika, akatoka. Kutoka mlangoni kwake mpaka kwa muuza bagia si mbali. Wewe ungetembea huku unaongea na simu, usikumbuke hata ulivyofika. Yeye alikaza macho kwenye moshi wa karai kule mbele, kwa sababu akitazama pembeni tu, kizunguzungu kinamshika. Hatua. Anapumua. Hatua nyingine. Jasho linamwingia machoni. Mtaa ulikuwa kimya kabisa, hata mtoto hakulia, naye akashukuru moyoni kwamba watu bado wako mashambani na hakuna wa kumwona akiyumba.

Akafika! Ndugu zangu, akafika. Akaishika meza ya yule mama, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Nipe bagia, mama! Nimekuja mwenyewe! Hakuna aliyenishika!"

"Ni kweli, fundi," yule mama akamjibu, akimpa bagia kwenye karatasi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, wala si kwa moshi. "Hakuna aliyekushika. Lakini kabla hujala, hebu geuka utazame ulikotoka."

Fundi akageuka.

Kuanzia mlangoni kwake mpaka pale aliposimama, kila nyumba ilikuwa imetoa kitu cha kukalia na kukiweka kando ya njia. Kiti cha plastiki. Kigoda. Benchi la watoto wa chekechea. Ndoo iliyofunikwa vizuri. Bibi mmoja asiye na kiti alikuwa ametoa mbuzi yake ya kukunia nazi, na kile chuma chake chenye meno akakiviringishia kanga, ili fundi akiangukia pale asiumie. Hakuna mtu aliyekuwa amekalia chochote. Vyote vilikuwa vyake yeye. Na nyuma ya kila pazia palikuwa na watu wameziba midomo, akina mama wakinyonyesha watoto ili wasilie, wote chini ya mapaa aliyoyapaua yeye.

Na pale palipokuwa mgongoni mwake, karibu kiasi cha kumgusa, alisimama mkewe, pekupeku, ndala zake mkononi.

"Umekuwa hapo tangu lini?" fundi akauliza.

"Tangu kizingitini, baba watoto."

"Mbona sikukusikia?"

"Ulisema usiguswe. Sikukugusa. Nilikuja tu."

Sasa nisikilizeni. Yule mtu alitembea, hakutembea? Alitembea! Miguu ilikuwa yake na jasho lilikuwa lake, na mimi sitasimama hapa kumnyang'anya. Mwanao akifaulu, mwache aringe kidogo. Ninachokishangaa ni kingine, na nikikifikiria mwili unanisisimka. Sisi tumepita njia ngapi tukidhani mtaa hauna mtu? Ile homa ya utotoni uliyopona, nani alikesha? Ile siku uliyotaka kuacha kila kitu, halafu ukaamka asubuhi ukaendelea na wala hujui kwa nini, unadhani ulikuwa peke yako? Tumesema, "Nimejitahidi." Na kweli tumejitahidi. Lakini Mungu aliyeziumba nyota, Mungu ambaye bahari inamsikiliza, ametuachia tuionje furaha ya kufika, akavua viatu asitushtue, akaja nyuma yetu hatua kwa hatua, karibu kiasi cha kutudaka. Mungu huyo! Pekupeku, kwenye vumbi letu!

Na fundi? Aliimega bagia yake, kipande cha kwanza akamlisha mkewe. Kisha akaanza kurudi nyumbani, na yule mtu aliyekataa kuguswa alikaa kwenye kila kiti, nyumba kwa nyumba, mpaka kwenye ile mbuzi ya bibi. Giza lilimkuta bado yuko njiani, analia na kucheka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, umemaliza shule? Umejenga? Umeacha pombe? Hongera, shika bagia yako. Ila usiiume bado. Geuka kwanza.