Mwadhini Aliyemnyang'anya Binti Yake Simu

Leo mkulima tumwache apumzike, ndugu zangu. Kila darsa tunamtoa shambani, maskini, na jembe lake begani. Leo nawaletea mwadhini. Na msianze kugeuza shingo kumtazama mwadhini wetu, si yeye. Huyu nimemtunga mwenyewe, ili nisimvunjie mtu heshima yake.

Kulikuwa na mwadhini mmoja, sauti yake ikipanda, hata muuza samaki aliyekuwa akigombana na mteja alinyamaza. Alikuwa na mke, na alikuwa na binti wa miaka kumi. Huyo binti ndiye aliyekuwa mtihani wake.

Binti hatulii. Mtume chumvi, atarudi na paka. Mkalishe asome, mguu unacheza, mkono unacheza, mstari wa kwanza haujaisha yuko dirishani. Chuo cha Kurani mwalimu amechoka, shuleni mwalimu amechoka. Lakini mpe simu ya mama yake, mfungulie ule mchezo wake wa magari, atakaa saa tatu hajanyanyuka. Umwite, hasikii. Chakula kitapoa mbele yake. Basi watu wakasemaje? Wakasema, "Mbona kwenye simu anatulia? Huo ni ujeuri tu." Si ndivyo tunavyosema? Wewe uliyeegemea nguzo, si ndivyo ulivyosema juzi?

Tena akiwa wa kiume tunasema mtundu huyo, atakua ataacha. Wa kike tunamtafutia jini. Mwadhini akamsomea binti yake, akamnywesha kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa. Kusomewa ni kheri, hata mimi nasomea watu. Lakini binti alilimaliza kombe lote, akafuta mdomo, akaomba simu.

Mama yake ndiye aliyemkokota mumewe hadi kliniki ya hospitali ya wilaya. Daktari hakukurupuka. Aliwahoji wazazi, akataka barua ya mwalimu, wakaenda na kurudi mara tatu. Kisha akawaambia, "Mtoto wenu hana jini, wala hana kiburi. Kuna watoto ambao umakini wao unachopoka upesi, na breki za mwili zinachelewa kushika. Wamezaliwa hivyo. Ule mchezo unamshika kwa sababu unamlipa papo hapo, kila nukta anapata kitu. Na kuna jambo jingine, mzee. Wewe nusu saa ikipita unaihisi. Yeye haihisi. Muda lazima umtoke mtu mwingine mdomoni ndipo aujue."

Mwadhini akaitikia, "Nimekusikia, daktari." Akapewa karatasi ya maelekezo, akaikunja, akaitia mfuko wa kanzu. Kanzu ikafuliwa na karatasi yake.

Mnacheka. Chekeni, lakini za kwenu ziko wapi?

Nyumbani mambo yakaendelea vilevile. Mzee anatoka kibarazani, anaona mtoto yuko simuni, damu inampanda, anaipokonya. Bila salamu, bila neno. Mtoto anapiga kelele mtaa mzima unasikia. Kesho kadhalika. Siku moja binti alikuwa anakaribia kumaliza mbio zake, simu ikachomolewa mkononi, naye akamuuma baba yake. Akamuuma kiganja mpaka damu.

Alasiri ile mwadhini akanyanyua mikono masikioni aadhini, na bandeji ikaonekana na safu nzima ya mbele. Wakamuuliza, "Kulikoni, sheikh?" Akasema ni kisu. Mtu wa msikitini, bandeji mkononi, na uongo mdomoni. Aibu ile ndiyo iliyomfanya ampigie simu dada yake mkubwa.

Dada alikuwa anaishi mji wa mbali, na alikuwa na sifa moja: nyumbani kwake watoto hawanyanyui uso. Akasema, "Mdogo wangu, umechelewa hata kunipigia. Samaki mkunje angali mbichi. Niletee. Huku simu hataiona, na fimbo ataijua."

Mama wa mtoto akalia. Akasema, "Baba watoto, dada yako hamkunji mtu, anavunja. Yule mtoto akienda kule hatarudi yule." Mwadhini akasema neno limekwisha, Ijumaa wanasafiri.

Basi sikilizeni. Alhamisi, kabla ya Adhuhuri, mama anakunja nguo za binti yake, anazipanga kwenye begi. Gauni moja, anafuta machozi. Gauni la pili. Mwadhini anapita mbio, anatafuta kofia yake.

Mkewe akamuuliza, "Unakwenda wapi na haraka hiyo?"

"Kuadhini."

"Kwani sala inasaliwa sasa hivi?"

"Aa, bado. Tunakimu baada ya robo saa."

"Sasa kama bado, unawaitia nini watu?"

Mwadhini akacheka, akamwona mkewe kama mtoto wa chuo. "Mke wangu, mtu yuko dukani anapima unga. Mwingine yuko bafuni ana povu mwili mzima. Nikikimu ghafla, nani atawahi? Lazima mtu apewe muda wa kuachia alichoshika."

Mama akaweka gauni chini. Akasema, "Wazee wenye mvi, wenye saa mkononi, unawapa robo saa waachie walichoshika. Binti yako, ambaye daktari amekwambia hauhisi muda, umewahi kumpa hata dakika moja?"

Mwadhini akavaa kofia yake, akatoka. Alikwenda msikitini, akasimama mbele ya kipaza sauti, na sauti haikutoka. Watu walisema siku ile mitambo ilikuwa na hitilafu. Mitambo ilikuwa mizima kabisa. Ni mtu aliyekuwa analia.

Ndugu zangu, huyu mtu alikuwa ameifanya kazi ile miaka kumi na saba! Mara tano kwa siku anawaambia watu jiandaeni, wakati unakuja. Mji mzima unampa haki hiyo, mpaka mlevi wa kona anasikia. Ndani ya nyumba yake mwenyewe hakuwa ameadhini hata mara moja.

Aliporudi alimpigia dada yake. "Dada, nipe mwezi mmoja."

"Mkeo amekulisha nini?"

"Mwezi mmoja, dada. Nikishindwa, njoo umchukue mwenyewe."

Basi wakaanza. Walirudi kwa daktari wakaomba karatasi nyingine, wakaweka utaratibu. Mchezo ni nusu saa baada ya Alasiri, akishamaliza kazi ya shule, na kazi ya shule yenyewe ikakatwa vipande vidogo, hesabu tano, kisha ruka kamba, kisha hesabu tano. Saa kubwa ya ukutani ikashushwa mpaka usawa wa macho yake. Zikibaki dakika kumi, baba haiti kutoka kibarazani. Anakwenda mwenyewe, anachutama, anaweka mkono begani, anangoja mpaka mtoto amtazame usoni. Ndipo anasema, "Mama, zimebaki dakika kumi. Malizia mbio hizo, usianze nyingine." Muda ukifika anarudi. Hapokonyi. Ananyoosha kiganja, anangoja. Na simu ikishatua tu, hapo hapo, "Ahsante, mwanangu, umeweza," na wanatoka pamoja kwenda kujaza maji kwenye ndoo za udhu, kwa sababu ule mwili unataka kazi.

Mnafikiri ilikuwa rahisi? Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Binti alilia, alijibwaga sakafuni, alirusha kandambili ikapiga ile saa ya ukutani ikapasuka kioo. Mama akaanza kulegea, akasema, "Mwongezee kidogo, kwa leo tu." Mwadhini akasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hatuongezi, na hatupunguzi." Akabaki amechutama na kiganja chake wazi, kile kile chenye kovu, magoti yanamuuma. Dakika ishirini kamili siku ya kwanza. Siku ya tano dakika kumi na mbili. Hakupiga. Hakupokonya. Hakuondoka.

Wageni walipokuja, wakataka mtoto apewe simu watu wazungumze kwa raha. Akakataa. Wageni wakanuna, wakanuna na chai yao.

Na siku moja alikosea yeye. Kikao cha ukarabati wa paa la msikiti kilimchelewesha, akafika binti amecheza saa nzima na zaidi. Mkono ukataka kuirukia ile simu, ndugu zangu, ulitaka kweli. Akaurudisha. Akachutama, akasema, "Leo kosa ni langu, sikuja kukuita. Sasa zimebaki dakika kumi." Binti akamtazama kwa mshangao, maana hajawahi kumsikia mtu mzima wa nyumba ile akikiri kosa.

Mwezi ukaisha, shangazi akashuka kwenye basi na mfuko wake wa mkononi. Akakaa sebuleni, akakunja mikono, anataka kuona. Binti yuko kwenye mkeka na simu. Baba akaja, akasema maneno yake ya dakika kumi. Shangazi akaguna. Dakika kumi zikapita, baba akarudi, akachutama, akanyoosha kiganja.

Binti hakuachia.

Wote wanamtazama. Vidole vimeng'ang'ania simu mpaka vimepauka. Machozi yakaanza kushuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba, nataka kuachia lakini nimeshindwa. Nisaidie."

Shangazi akaruka, "Umeona? Nilikwambia! Mwezi mzima na bado hatii!"

Mwadhini alikuwa ameshapiga magoti, ameikamata mikono yote miwili ya binti yake, analegeza kidole kimoja kimoja, taratibu. Hakumgeukia hata dada yake. Akasema, "Dada, mwezi uliopita huyu aliniuma. Leo ameniita."

Na binti hakusafiri.

Sasa tuje kwetu sisi, maana mwadhini nimemtunga lakini sisi tupo. Sisi tunampa mtoto simu ili atuache tupumue, halafu tunampiga kwa kuipenda. Si kweli? Sisi tunamwita mtoto mara sita kutoka jikoni, mara zote sita tumempa mgongo, ya saba tunakuja na mwiko. Nyinyi mama zetu nyuma ya pazia, nisameheni, mwiko huo naufahamu. Na sisi akina baba ndio wabaya zaidi, kwa sababu tunajitokeza mara moja tu kwa siku, na mara hiyo moja ni ya kupokonya.

Tunataka mtoto mwenye breki nzito asimame ghafla, wakati sisi wenye breki nzima Mola wetu ametuwekea adhana. Alijua tumeshika vitu. Kama Aliyetuumba hakutudai tuache papo kwa papo, wewe umepata wapi haki ya kumdai hivyo mtoto?

Wala simwambii mtu awe laini. Aliyesikia ulaini hapa hakusikiliza. Yule bwana hakuongeza dakika moja kwa ajili ya wageni, wala kwa ajili ya machozi. Kupokonya ni kazi ya nukta moja, mvivu yeyote anaiweza. Kuchutama dakika ishirini, kiganja wazi, siku baada ya siku, huku mtaa unakucheka, hiyo ndiyo kazi ya mwanamume na ya mwanamke. Dua tusome. Kliniki twende, na daktari akisema dawa, tumsikilize yeye, si jirani. Na muda tuliouweka tuusimamie sisi wenyewe, kwa miguu yetu, kila siku, mpaka mtoto ajifunze kutuita badala ya kutuuma.

Tukimaliza dua, mwenye mtoto wa namna hii asikimbilie viatu. Abaki, tukae duara, tupangiane saa na tuulizane hali kila Jumamosi, kwa sababu jambo hili mtu peke yake linamshinda. Msione haya. Mimi nitakuwa wa kwanza kukaa. Wa kwangu ana miaka minane, na jana Alasiri nilimpokonya.