Mkeka wa Watoto wa Kisunzu

Hapo zamani, katika mji wa Kisunzu, watu waliishi kwa kupika chumvi. Waliteka maji ya chemchemi, wakayachemsha vyunguni hadi yakauke, na chumvi ikabaki. Kila msimu ulipokwisha, kila nyumba ililipa kodi kwa baraza la mji. Mwenye chungu kimoja, kikapu kimoja. Mwenye vyungu arobaini, kikapu kimoja.

Na mwenye vyungu arobaini alikuwa mmoja tu, Lugendo.

Katika mji huo alikuwako mwalimu, Nyamizi binti Mihayo. Alifundisha katika banda lililokuwa la mbuzi. Mvua ikinyesha, aliwakusanya wadogo pembeni, akawafunika kwa shuka yake, na somo likaendelea kwa kuimba, maana vibao vya kuandikia vilikuwa vimelowa. Kila mwaka alikwenda barazani kuomba shule. Kila mwaka akaambiwa, "Chumvi ya kodi haitoshi, mwalimu. Vumilia."

Mwaka mmoja akasimama mjumbe aitwaye Kasanda. "Haitoshi kwa sababu haitozwi kwa haki," akasema. "Kila mtu alipe kwa hesabu ya vyungu vyake. Mwenye vingi atoe zaidi, mwenye kimoja apunguziwe, na ziada yote ijenge shule."

Baraza likapanga siku ya kura. Kabla siku haijafika, Kasanda aliamka akakuta ng'ombe wa maziwa amefungwa mlangoni pake, na ndama wake. Hakuuliza ni wa nani. Mkewe alikuwa amejifungua juzi, maziwa yamekataa kutoka, na mtoto alikuwa analia. Kasanda akamtazama ng'ombe. Akamtazama mtoto. Kisha akamfungua ng'ombe, akampitisha katikati ya soko mchana kweupe hadi kwa Lugendo.

"Mzee," akamwambia, "mali yako imepotea njia."

Mtoto wake akalelewa kwa uji mwepesi na maziwa ya kuomba kwa majirani.

Siku ya kura wajumbe wakagawanyika nusu kwa nusu. Akabaki mmoja, mzee Msabila, rafiki wa Lugendo tangu utotoni. Nyamizi alikuwa amesimama nyuma ya watu. Msabila akainuka, akakaa, akainuka tena.

"Ng'ombe aliyerudishwa na Kasanda yuko kwangu," akasema. "Maziwa yake nimeshayanywa, na kura yangu nimeshaiahidi. Sasa namwona mwalimu pale, na wajukuu zangu wanasoma kwenye lile banda, na uso wa kumtazama sina. Ng'ombe nitamrudisha. Maziwa siwezi. Mniondoe barazani mkitaka, lakini kwanza mhesabu kura yangu: naunga mkono."

Kura yake ikahesabiwa. Yeye wakamwondoa siku hiyohiyo.

Lugendo alighadhibika. Watu wakanong'ona kwamba atahamishia vyungu vyake ng'ambo ya mto, ambako hakuna kodi. Hata chungu kimoja hakikuvuka. Msimu ulipokwisha, wapagazi wake wakafika barazani wamejipanga, vikapu vichwani, chumvi nyeupe isiyo na chembe ya mchanga. "Sheria yenyewe sikuipenda," Lugendo akasema, "lakini ni sheria."

Shule ikajengwa. Mvua ya kwanza ilipopiga paa, Nyamizi alikatiza somo ili wote waisikilize, watoto wakiwa wakavu, vibao vikiwa vikavu. Akalia kwa furaha mbele yao, wala hakujificha.

Ndipo watoto wakasuka mkeka, kila mmoja ukanda wake wa ukili na rangi yake. "Mwalimu," wakasema, "mpe aliyetupa shule." Nyamizi akawaalika Kasanda, Msabila na Lugendo, na mji mzima ukaja.

Lugendo akasema, "Kasanda alitoa maneno na Msabila alitoa kura. Matofali haya yamenunuliwa kwa chumvi yangu, na njia ya kukwepa nilikuwa nayo."

"Wewe ndiye uliyetuma ng'ombe!" wakapaza sauti akina mama wenye chungu kimoja kimoja. "Apewe Kasanda! Mikono yake ni safi!"

Kasanda akatikisa kichwa. "Mikono yangu safi haikutosha kushinda kura. Niliporudisha ng'ombe nilipata heshima. Msabila aliposema kweli alipoteza ya kwake. Mpe yeye, mwalimu."

Msabila alikuwa ameketi karibu na mlango, macho chini. "Usinipe mimi, mwanangu. Nikiukalia mkeka huo, watoto watajifunza nini?"

Nyamizi akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Shukrani ilimjaa kwa kila mmoja wao, hata kwa yule aliyetuma ng'ombe. Watoto walikuwa wakingoja kuona ataelekea upande gani.

Nanyi mnaonisikiliza, mngekuwa Nyamizi, mkeka huo mngemtandikia nani? Je, nani alistahili?