Bi Mize na Kiwanja cha Sultani Kombo

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Kombo, aliyetawala nchi ya Shungi. Na Shungi, jamaa zangu, ilikuwa nchi ya mawe na jua. Mbuzi wa huko walikula makuti wakashukuru. Siku moja Sultani akaamka na hamu: mashindano makubwa ya kandanda, yale yanayokutanisha nchi zote, safari hii yachezwe kwake. Maishani mwake hakuwahi kuupiga mpira teke. Alisikia tu kwamba mwenyeji hukaa kiti cha juu kuliko wageni wake, basi hiyo ikamtosha.

Nchi jirani ya Mtambani nayo iliomba. Mtambani walikuwa na mto, na majani mabichi, na viwanja ambavyo watoto wao walichezea kila alasiri. Waliopewa kazi ya kuchagua ni wajumbe watano, watu wazima na vitambi vyao, mkubwa wao Mzee Sharmadi. Walipita Mtambani wakapewa madafu na ahsante. Walipita Shungi wakaondoka na mazulia, na masinia ya fedha, na kila mmoja farasi wa kubebea hayo mazulia. Kura zikapigwa chumbani, mlango umefungwa, na Shungi ikashinda.

Mtambani walipouliza sababu, Mzee Sharmadi akawajibu kwamba majani ni mambo ya kizamani. Na kuhusu lile jua, wamekubaliana mechi zichezwe msimu wa baridi. Mtu mmoja akamkumbusha kwamba Shungi haina msimu wa baridi. Akasema hilo nalo litashughulikiwa.

Ikabaki kutafuta kiwanja. Sultani akatazama kutoka roshani yake, akauona mtaa wa Kisimani, nyumba za udongo zimebanana, akanyoosha kidole akasema ni hapo hapo. Akatoa amri: watu wa Kisimani wabomoe nyumba zao kwa mikono yao wenyewe, tena wabomoe wakiimba, kwa sababu wageni watakuwa wanatazama.

Kisimani ndiko alikokaa Bi Mize, mjane, muuza supu ya pweza. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na ndani yake alizaa, akalea, akafiwa na mume. Ulimi wake uliweza kumnyoa mtu bila maji. Majirani walipokaa kulia, yeye alijitanda kanga akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani. Akamkuta amekaa na wale wajumbe watano, waliokuja kukagua, wanakula tende.

"Nimeambiwa huko kwenu hakuimbwi," Sultani akasema.

"Tunajifunza wimbo, Maulana. Ila kuna neno linatukwaza. Kisimani kaichagua nani?"

"Mimi."

"Na Shungi?"

"Waliichagua wajumbe hawa. Kwa kura, kwa haki."

"Basi Mtambani wasije wakasikia. Nchi kwa kura, kiwanja kwa kidole? Watasema hata ile kura ilikuwa kidole."

Sultani akawatazama wajumbe. Wajumbe wakazitazama tende. Mtambani walikuwa bado wananung'unika kila mahali, na neno hilo likamwingia.

"Haya, na kiwanja gani kitashindana na Kisimani?"

"Bustani yako, Maulana. Nchi nzima ni hapo tu penye majani."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikaenda upande. Wajumbe ni wake, waliokalia mazulia yake. Nani kati yao atathubutu kuigusa bustani yake? Akatangaza mbele ya baraza zima kwamba kura itapigwa kesho alasiri, na itakavyotoka ndivyo itakavyokuwa, haibadiliki. Kisha akaenda zake. Hakuwaongezea wajumbe hata kikombe cha kahawa. Kwa nini awaongezee, na alikwisha kuwapa?

Kesho yake wajumbe wakaalikwa Kisimani kukagua udongo. Waliukagua wakiwa wamekaa juu yake, mkeka umetandikwa. Ikaja supu ya pweza, ikafuata mikate ya mofa, ikafuata samaki wa kupaka, nazi inachuruzika. Mtaa mzima ulikuwa umepika. Bi Mize hakuwaomba kitu. Alipokuwa akimnawisha Mzee Sharmadi mikono, alimwambia tu, kwa sauti ya kusikitika, kwamba mtaa ukibomolewa na majiko yake yataondoka, na mashindano yenyewe ni ya mwezi mzima.

Mzee Sharmadi akaacha kutafuna.

Alasiri kura zikapigwa chumbani, mlango umefungwa. Zikatoka tano, zote za bustani. Mzee Sharmadi akakohoa, akaeleza kwamba katika kandanda ya siku hizi, majani ni jambo la lazima.

Sultani akasimama. Aliyawaza mawaridi yake, akawaza tausi wake, akawaza watu ishirini na wawili wakikimbia juu ya vyote hivyo kwa viatu. Akasema kura hiyo ni batili.

"Sawa, Maulana," akasema Bi Mize. "Waliopiga ni hao hao, na chumba ni kile kile. Tukiibatilisha hii, na ile iliyokupa mashindano tuifanyeje?"

Nje watu wa Kisimani walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi, na huko nyuma wachuuzi kadhaa wa Mtambani, masikio yamesimama. Sultani akakaa polepole. Akamwita Bi Mize asogee, akainama, akasema kwa meno yaliyobanana:

"Mwanamke wewe, umewanunua watu wangu kwa supu ya pweza."

"Astaghfirullahi, Maulana. Maskini kama mimi nitawanunua kwa fedha gani? Wewe ndiye uliyewanunua. Mimi nimewaazima tu kwa chakula cha mchana."