Kaluvu Iliyochacha

Miaka ya kwanza ya Uhuru, pale Kalamba, hapakuwa na mtu aliyejivunia kaluvu yake kama Nzuki. Ufundi wa kupika pombe hiyo ya asali aliurithi kwa babake, pamoja na kibuyu kikubwa cheusi kilicholainishwa na mikono ya vizazi. Wazee wakimsifu, alitembea kwa maringo kama jogoo wa pekee bomani.

Basi ilikuwa aibu isiyosemeka siku alipoipeleka kaluvu yake kwenye arusi ya jirani. Wazee walionja, wakakunja nyuso, wakaziweka chini pembe za kunywea. Kisha mmoja mmoja wakahamia kwenye kibuyu cha Musyoka, mpishi wa pombe wa ng'ambo ya mto ambaye Nzuki alikuwa na mazoea ya kumcheka hadharani.

"Musyoka amenifanyia uchawi!" Nzuki alifoka alipofika nyumbani.

Mkewe, Ndinda, alikuwa akipepeta ndengu. Alikuwa mtu wa kanisa, na pombe hakuitia kinywani.

"Baba Mwangangi," alisema, "mimi nimeokoka, lakini pua yangu bado. Pombe yako inanuka siki tangu mavuno. Nilikwambia, ukanikemea. Sasa tunajiandaa kwenda Matiliku kumposea mwana wetu. Utawapelekea wakwe siki?"

Maneno hayo yalimchoma kama mwiba wa mgunga. Nzuki alijimiminia pembe moja, akaionja kana kwamba ilipikwa na mtu mwingine. Ulimi ukamkakamaa. Kesho yake akavuka mto.

"Umekuja kunigombeza?" Musyoka aliuliza, amesimama mlangoni.

"Nimekuja kwa sababu umenishinda. Yangu imechacha, na sijui kwa nini."

Musyoka, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, alimvutia kigoda. "Usibadilishe vyote kwa pamoja," alisema. "Badilisha kimoja, uonje. Ukibadilisha vyote, mwizi hutamjua."

Nzuki aliacha maji ya kisima, akachota ya kuchimba mchangani mtoni. Pombe ikachacha. Akatupa miatine yake ya zamani, yale matunda makavu yanayoiumua asali, akatafuta mengine. Ikachacha tena. Majirani walipomwona akiimwaga shambani walicheka hadi mbavu zikawauma.

"Nzuki siku hizi anawapikia mchwa!"

"Ndiyo, leo nimeshindwa," aliwajibu bila kuinamisha uso, "lakini sijamaliza."

Kilichobaki ni kibuyu cha babake. Moyo wake ulikataa katakata. Hata hivyo alichanganya asali na maji, nusu akaitia katika kibuyu cha kuazima, nusu katika kile cheusi, akavikalisha kando ya moto mmoja. Pombe ilipoiva, ya kibuyu cha kuazima ilikuwa na utamu wenye ukali wa kupendeza. Ya kile cheusi ilikuwa siki tupu.

Nzuki alichukua shoka, akakipasua kibuyu cha urithi. Ndani, nyuma ya nta aliyokuwa amezibia ufa wakati wa mavuno, machicha ya kale yalikuwa yameoza na kuota ukungu. Machozi yalimlenga, lakini alimwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyerudi kutoka vitani. "Mama Mwangangi, njoo! Mwizi nimemshika!"

Safari ya Matiliku ilipowadia, alimwomba Musyoka aandamane naye. Kiilu, baba wa binti, alijulikana kwa kuzikataa pombe za wakwe mbele ya umati. Aliinua pembe, akanywa kidogo. Mwangangi, bwana arusi mtarajiwa, alishika pumzi. Kiilu akanywa tena mpaka tone la mwisho.

"Nani amepika hii?"

"Ni mimi," Nzuki alisema, akasimama wima. "Na aliyenionyesha jinsi ya kuisaka kasoro ni huyu Musyoka."

"Kusaka nilimwonyesha," Musyoka akajibu, "lakini kupika, leo amenipita."

Vigelegele vya akina mama vilijaza boma. Kiilu alimwita binti yake, Nzilani, aje awasalimu wakwe zake, na pembe ikazunguka kwa wazee wote bila hata mmoja kuiweka chini. Nzuki aliitazama ikizunguka, kifua kikiwa kimejaa fahari ambayo hakuwahi kuijua alipokuwa akisifiwa bila kushindwa. Ama kweli, asiyekubali kushindwa si mshindani.