Jiwe la Uzazi la Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na maboma na ng'ombe wao kama sisi, Simba alitoa amri moja chungu. Ng'ombe jike yeyote atakayemaliza mwaka bila kushika mimba ataliwa kwenye karamu yake. Mjumbe wake Fisi ndiye aliyepita boma kwa boma kupapasa matumbo, na mnajua wenyewe Fisi alivyoipenda kazi hiyo.

Nguchiro alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Madoa. Mwaka huo alifanya kosa la huruma: alimwacha ndama anyonye mpaka pembe zikachomoza. Madoa akakonda, mbavu zikahesabika ukiwa mbali, na joto la kutaka fahali halikumjia. Fahali wa kijiji alimnusa, akageuka, akaenda zake.

Nguchiro akamwachisha ndama kunyonya, lakini malisho yake yalikuwa kilima cha mawe. Angemnenepesha kwa majani gani? Ilifika mahali akaogopa hata kumtazama Madoa machoni.

Chini ya kilima, Kiboko alikuwa na bonde la nyasi mbichi na ng'ombe wawili wanono, wakitembea ardhi inalia ndi, ndi, ndi. Nao mimba hawakushika. Fahali aliwapanda, joto likarudi, akawapanda tena, kazi bure. Kiboko alimlaumu fahali.

Nguchiro alijua kwamba mafuta yamewazidi. Alikwisha kumshauri Kiboko awapunguzie nyasi, akachekwa mpaka akaona haya. Kumwomba malisho ndiyo usiseme. Kiboko hakumpa mtu hata unyasi wa kuchokonolea meno.

Basi asubuhi moja Nguchiro akalipaka chumvi ya jikoni jiwe jeupe lililokuwa juu ya kilima, akamwacha Madoa alirambe wazi wazi, Kiboko akiwaona. Kiboko akapanda akihema, akauliza ng'ombe anaramba nini.

"Jiwe la uzazi, Mzee. Ng'ombe akipanda kila siku kuliramba, mimba haikawii."

"Mbona huyu wako hana?"

"Ameanza leo."

Kiboko akataka kuwaleta wake papo hapo. Nguchiro akasema kwa upole, "Walete tu. Ila bonde litabaki tupu, na Nyati yule pale ng'ambo anatazama."

Desturi yao ilikuwa hivi: malisho yakishinda bila ng'ombe, ni ya yeyote atakayetangulia kuingiza wake. Kiboko akakuna kichwa.

"Basi mlete Madoa anishikie bonde."

"Amekonda huyu, Mzee. Atakuaibisha."

"Mlete, nimesema!"

Madoa akashuka, wanono wakapanda. Kule juu majani yalikuwa ya kutafuta, na kila jioni walirudi wakihema hee, hee. Nguchiro aliongeza chumvi kila ilipokwisha. Madoa naye alikula, mbavu zikajificha, mgongo ukajaa, joto likaja, fahali akampanda na joto halikurudi tena. Wale wawili walipungua kiasi, nao wakashika mimba.

Fisi alipopita alipapasa kwa Nguchiro, akapapasa kwa Kiboko, akaondoka mikono mitupu. Nguchiro alilia kwa furaha na hakujificha.

Kiboko alifurahi pia, ila aliona kilima ni usumbufu, akaamua kulishusha jiwe. Hapo Nguchiro roho ikamsuta, akamwambia ukweli.

"Mzee, jiwe ni jiwe tu. Wako walizidi mafuta, wangu alipungukiwa. Kilima kiliwapunguza wako, bonde likamjaza wangu."

Kiboko akamtazama kwa jicho la pembeni. "Kwa vile nalichukua, ndiyo unalitia kasoro."

Akalibingirisha mpaka bondeni, gudu, gudu, gudu, jasho likimtoka. Ng'ombe wake wakazaa salama, kisha wakawa kutwa wanakula na kulala kando ya jiwe. Wakanenepa kuliko mwanzo, na mimba wasishike.

Mwaka wa pili ulipokwisha Fisi aliwakuta wanaliramba. Akawapapasa, akatabasamu, akawaswaga wote wawili. Kiboko alimfuata nyuma njia nzima, akimsihi alipatie jiwe muda kidogo.

Kwa hiyo, watoto, mfugaji hutazama mbavu za ng'ombe wake, hatazami jiwe.