Shani Amesusa Mayai

Shikeni masikio yenu, nyote, hata wewe unayejidai umelala. Semeni: hili halitoki hapa. Vizuri. Nami niliapishwa hivyohivyo na marehemu bibi yangu, naye aliapishwa na wifi yake, na mpaka leo hakuna kijiji kisichoijua habari hii. Basi sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na majirani wa kuwachungulia uani, aliishi mjane mmoja, Bi Kifaru. Bi Kifaru alifuga nyoka, chatu wa kike, jina lake Shani. Shani alilala ghalani juu ya magunia ya mtama, na tangu afike hapakuwa na panya aliyethubutu hata kukohoa karibu na mlango ule.

Bi Kifaru alivyojivuna naye! Ukienda kwake kuomba chumvi, utasikia habari za Shani. Ukienda kumpa pole ya msiba, Shani.

"Wenzangu wanafuga kuku," alikuwa akisema. "Kuku nani hana?"

Siku moja Shani akasusa. Akaletewa yai, akageuza uso. Akaletewa samaki, akajiviringa akalala. Macho yake yakaingia ukungu kama kioo cha taa kisichofutwa, na ngozi ikafifia.

Habari ikafika kwa Tembo, mkuu wa kijiji. Na sheria ya Tembo ilijulikana: anayeshindisha mfugo wake na njaa ananyang'anywa.

"Bi Kifaru," Tembo akasema akiwa nje, maana mlangoni hakuenea, "siku ya gulio nitakuja na wazee. Nikimwona anakula kwa macho yangu, ni wako. Nisipomwona, namchukua."

Bi Kifaru akalia mpaka pembe ikalowa.

Ndipo akaja Nguchiro. Mwili mdogo, mkia mrefu, miguu haitulii. Na huyo, wajukuu zangu, alikuwa wa mtaa wetu, msidanganywe na watu wa ng'ambo ya mto wanaosema ni wao.

"Shikamoo, mama. Nasikia mgonjwa hali. Ukoo wetu sisi unawajua nyoka sana."

Ilikuwa kweli. Waliwajua kwa kuwatafuna, ila hilo hakulitaja.

Akaingia ghalani, akamzunguka Shani, akatoka anatikisa kichwa.

"Mama, huyu haumwi. Huyu ni mwali. Wewe ulipowekwa ndani, ulikula mbele za watu?"

"Hata kidogo. Shangazi zangu walinipa kisogo wakaimba mpaka nikamaliza."

"Sasa yeye unamkodolea macho na pembe yako hiyo. Atamezaje?"

Bi Kifaru akajiona mjinga. Jioni ileile akapanga mayai kwenye sinia, akaliweka ghalani, akawaita majirani zake Kiboko na Nyati. Wakasimama mlangoni, wakampa Shani kisogo, wakaimba wakikanyaga chini, ndi, ndi, ndi:

"Kula mwali, kula usione haya, sisi hatukuoni."

Nyuma yao kukasikika kwachu, kwachu, fyooo.

Wakageuka. Sinia tupu. Nguchiro kasimama kando, anajifuta masharubu.

"Amekula huyo, mpaka nimeona aibu mimi," akasema.

"Mbona anakula kwa kelele?" akauliza Kiboko.

"Na wewe shemeji, ukishinda na njaa utakula kimya?"

Kwa kelele za kula, Kiboko si wa kumsema mtu.

Ikawa hivyo kila jioni. Mayai yakaongezwa samaki, samaki wakaongezwa maini. Nguchiro akanenepa mpaka kiuno kikapotea. Shani akazidi kufifia.

"Mwanangu Nguchiro, mbona anakula na hanenepi?"

"Mama, wewe ulipokuwa mwali ulinenepa?"

"Nilikonda kwa mawazo."

"Basi."

Ikafika siku ya gulio. Nguchiro alijua kwamba Tembo hatampa mtu kisogo. Asubuhi akajipenyeza ghalani atafute uongo mwingine. Akakuta nini? Gamba zima la Shani juu ya magunia, toka mdomo hadi mkia, kama kanzu iliyovuliwa. Kumbe alisusa kwa kuwa alikuwa anajivua; mwenyewe kajificha nyuma ya magunia, anapumzika.

Mwizi mwingine angekimbia. Wa kwetu akalivaa.

Uani pakajaa. Tembo mbele, wazee nyuma yake. Bi Kifaru akaweka sinia katikati. Mara, chakara, chakara, chakara, "Shani" akatoka ghalani akitambaa, akaufikia mlo, akala yai. Kwachu!

Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Kifaru akainua pembe juu. "Mnamwona mwanangu? Mnamwona?"

"Nimemwona," akasema Tembo, akageuka aondoke.

Hapo Nguchiro angerudi ghalani, jambo lingekwisha. Lakini maini yalinukia. Akala maini. Akala na yai la pili, na la tatu.

Watu wakaanza kupisha njia. Kutoka ghalani alikuwa anakuja nyoka mwingine, mpya, anang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, macho maangavu, na njaa ya siku zote zile tumboni. Hakuharakisha. Akalifikia sinia upande wa pili, akaitazama nguo yake kuukuu ikitafuna, kisha akameza yai lake zima, bila hata mlio.

Wazee wakanyoosha shingo.

"Shani wangu hali kwa kelele," akasema Bi Kifaru polepole, kifua mbele. "Sasa huyu mlaji ni nani?"

Nguchiro akabana pumzi. Lakini kwa tumbo lile? Praaa! Gamba likapasuka katikati, na mbele ya kijiji kizima akabaki amekaa, yai mkononi, ute wa yai kwenye masharubu.

"Nyoka ni wa Bi Kifaru," akasema Tembo. "Na wewe mwenye mkia, usinyanyuke hapo."

Nguchiro akalitazama lile yai, akamtazama Bi Kifaru.

"Mama," akasema, "nilikuwa namwonjea tu."

Nanyi mliokula kiapo, mjue hivi: ukiwa na akili ya kuwadanganya wakubwa, uwe nayo pia ya kujua umeshiba.